Kamba za Akiba

Waliokuwapo jioni ile kwetu Gihundwe ni hawa: mume wangu, mama yake mzazi, ambaye tuliishi naye, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye aliyeongoza korali yetu, mke wa huyo kaka, ambaye aliuza sabuni katika soko la Kamembe, na binti yangu wa pili, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng’oka. Majina yao yote ninayo kichwani, ya ubatizo na ya nyumbani, hata jina la mbuzi wa shemeji. Siyaandiki. Wengine wako hai, na wajukuu wao wanajua kusoma.

Juu ya meza kulikuwa na mandolini.

Mandolini yangu ya kwanza ilikuwa galoni. Fundi wa baiskeli aliikata galoni ya mafuta ya kula, ile ya bati iliyotoka kambi ya wakimbizi, akaitia shingo ya mti na kamba nne alizofumua kwenye waya wa breki. Nilijifunzia hapo. Nilipopiga, ilitoa sauti ya kuku anayekabwa, na vijana wa korali walicheka: “Maman na galoni yake! Leo tunapika samaki ya sambaza?” Nikacheka nao, lakini rohoni nilisema, Pasaka moja tu, Mungu wangu, Pasaka moja nipige kitu cha kweli kule kanisani Cyangugu, mbele ya watu wote.

Vita ya kwanza ya Congo ilikuwa imepita. Ya pili haijaanza, na nani alijua kama kuna ya pili? Nilikuwa navuka daraja la mpaka kila wiki kwenda Bukavu, upande wa Congo, na maharagwe. Kule nilikuwa na mteja mmoja mjane. Mume wake alikufa wakati wa kukimbia vita, na mandolini yake ilibaki imening’inia ukutani. Nikampa maharagwe na vitenge vyangu viwili vya harusi, vile ambavyo nilikuwa sijavishona. Akaishusha, akaipangusa na kiganja.

“Ona kamba zake nane,” akaniambia. “Zinaenda mbili mbili. Kila moja iko na mwenzake. Moja peke yake inalia tu. Mbili ndiyo inaimba.”

Pale darajani askari walikuwa wanapenda kila kitu kizuri. Basi nikaifunga mgongoni kama mtoto, na kitenge juu, na kofia ya sufu kichwani pake. Askari mmoja akazunguka nyuma yangu.

“Maman, huyu mutoto yako, mbona shingo murefu hivi?”

“Amefuata baba yake.”

Wakacheka mpaka nikapita.

Sasa, kwetu kitu kipya kikiingia nyumbani kwa mdogo, kinapita kwanza mikononi mwa mkubwa. Ni kama chupa ya pombe ya ndizi: mkubwa anaonja, anasifu, anairudisha. Ndiyo heshima. Jioni ile nikampa shemeji, huyo kaka mkubwa, mandolini kwa mikono miwili. Akaigonga, akaigeuza, akasema, “Hii haionjwi siku moja.” Akasimama, akaondoka nayo.

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu alikuwa anatazama dari.

“Ni mukubwa wangu,” akasema walipokwisha kutoka. “Atarudisha.”

Hakurudisha. Nilituma binti yangu, akaambiwa baba mkubwa bado anaonja. Nilikwenda mwenyewe, nikaambiwa amelala. Pasaka ikakaribia. Siku ya mazoezi naingia kanisani, mama mkwe nyuma yangu na fimbo yake, namkuta shemeji amekaa mbele, mandolini mapajani. Akapiga. Sauti nyembamba, kavu, kama mtu mwenye njaa. Nikasogea. Kamba nne! Nne tu, na matundu ya zile nyingine yamebaki wazi.

“Shemeji, zingine ziko wapi?”

“Zile za akiba? Nilitoa. Ile galoni yako si iko na ine? Mandolini ni kamba ine. Huyu mwenye aliitengeneza aliongeza zingine juu ya kesho, kama moja inakatika. Batu ba vita tunajua kuweka akiba.” Akawatazama vijana ili wacheke, nao wakacheka. “Mbili niko nazo kwa gitaa yangu. Moja nimefunga mulango ya sungura. Moja bibi yangu anakatia sabuni. Na siku ya Pasaka nitapiga mie. Weye ubakie na galoni, umeizoea.”

Sabuni! Kamba iliyovuka daraja mgongoni mwangu kama mtoto inakata miche ya sabuni sokoni! Nilihisi masikio yanachemka. Lakini mke wa mdogo hamkemei mkubwa, na kanisani tena. Basi nikapiga magoti mbele yake, nikanyoosha mikono miwili, jinsi tunavyopokea kitu kwa mkubwa. Hapa kwetu mtu mzima haachi mikono miwili ya mke wa ndugu yake hewani mbele ya watu. Akaangalia huku, akaangalia kule.

Mama mkwe akagonga fimbo sakafuni. “Unangoja magoti yake yaoze?”

Akanipa. Nikaifunga mgongoni palepale, nikashika njia ya soko.

Mke wake alikuwa katikati ya kukata mche. “Eh, Maman, hii kamba! Inakata kama siagi!”

“Leta.”

“Sasa nitakatia na nini?”

“Katia na meno.”

Za gitaa na ile ya sungura alizifuata mume wangu kwa kaka yake. Usiku ule nilimwambia ile dari anayoitazama haina chakula cha kumpa. Ile ya sungura ilikuwa imeshika kutu. Nilipoikaza ikakatika.

Basi Pasaka ile nilipiga kamba saba, zote zikinuka sabuni, maana nyumbani nilizisafisha kwa kipande nilichomnyang’anya mke wa shemeji mezani pake sokoni. Niliketi mbele. Shemeji alisimama nyuma na waimbaji wa sauti nzito. Na kila nilipofika kwenye ile kamba isiyo na mwenzake, nilisikia upungufu wake, nikaipiga kwa nguvu zaidi ili naye asikie. Baadaye vita ya pili ikaja, daraja likafungwa, na kamba ya nane sikuipata. Hasira bado ninayo. Nailisha.

Kama kuna mwana korali wa wakati ule anayesoma hapa na mimi nimekosea, kwamba alicheka au hakucheka, kwamba ilikuwa sungura au kuku, anisahihishe, nitashukuru. Lakini asije mtu nyumbani kwangu kuniambia zilikuwa kamba za akiba.