Lori Iliyoniacha Korbesa

Salaam aleikum, na ndugu zangu Wakristo, habari zenu. Mimi ni mwanafunzi. Msicheke. Niko darasa la ngumbaru hapa mtaa wa Bulla Pesa, mjini Isiolo, nina ndevu na watoto wawili, na bado mwalimu hunitoa nje kwa sababu ya kelele. Lakini haya nayaandika nikiwa na akili timamu.

Zamani nilikuwa mzima kama fahali. Kazi yangu ilikuwa kununua mbuzi kijijini Korbesa na kuvuta sigara kama lori mbovu.

Alfajiri moja nikiwa kitandani na mke wangu Halima, tuliteleza vibaya. Nikasikia tap! kama kijiti kikavu kimevunjika. Uume ukalala papo hapo. Maumivu yakanipanda hadi kooni. Jua lilipotoka ulikuwa umefura, mweusi kama biringanya, umepinda upande.

"Lori ya mbuzi inaenda Isiolo sasa hivi," Halima akasema. "Panda!"

Nikajikokota mpaka barabarani. Karibu na dereva amekaa nani? Baba mkwe. Kwetu Waborana, mbele ya mkwe hata kujikuna unaogopa.

"Unaumwa wapi, kijana?"

"Jino, baba."

"Jino? Na mbona unatembea hivyo?"

Nikageuka nikarudi nyumbani. Lori ikaenda.

Ingine ilichelewa karibu wiki nzima. Rafiki yangu Guyo akanikanda na samli moto. Nilipiga kelele mpaka ngamia wakasimama. Uvimbe ukazidi, mkojo ukatoka na damu. Hapo hata mimi niliacha mzaha.

Nilipofika hospitali mjini, daktari akauliza, "Ulikuwa unangoja nini?"

"Mkwe wangu ashuke kwa lori."

Hakucheka. "Ngozi ngumu ya ndani imepasuka, na mpasuko ni mkubwa. Nitashona. Lakini umechelewa, damu imeganda huko ndani, na wewe unavuta sigara. Mtu kama wewe anaweza kushonwa vizuri na bado nguvu zisirudi."

Niliamka na bandeji na mpira wa mkojo. Nikaambiwa nisilale na mke mpaka daktari aseme. Siku ikafika, daktari akaniruhusu. Hakuna kitu. Miezi ikapita, hakuna kitu. Mimi na Halima tulilala kama magunia mawili ya mahindi kwa stoo. Mchana nilichekesha watu sokoni, nikirudi nililia ndani ya blanketi.

Siku moja nikamwambia, "Rudi kwenu, utafute mwanaume."

"Wacha ujinga," akasema. "Mimi niliolewa na mdomo wako."

Sigara nikaziacha. Polepole sana, nguvu zikaanza kurudi. Si kama zamani. Umepinda kidogo, na siku zingine unakataa kabisa. Lakini mtoto wetu wa pili alizaliwa baada ya hayo yote. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na Halima zaidi, yeye asiyenicheka.

Wewe kijana ukisikia ule mlio, usikandwe, usilale ukingoja. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama gari limejaa wakwe watupu.

Siku zile nikiwa bado wodini, baba mkwe alikuja. Mama yake Halima alikuwa amemwambia kila kitu. Alikaa akinipa mgongo, akitazama ukuta.

"Ungesema tu unaenda hospitali," akasema mwishowe. "Mimi ningepanda nyuma na mbuzi."