Wimbo wa Homa Bay Ulivyoniangusha Ukweni

Wacha nianze na ile aibu yenyewe ndio mnicheke mara moja tumalize: mimi, mwanaume mzima wa ndevu, nilianguka nikakalia mama mkwe. Mapajani. Mbele ya wazee. (Kwetu Wajaluo mama mkwe hata mkono humpei ovyo ovyo, sembuse makalio.)

Tulikuwa tumetoka Homa Bay kwenda Migori kwa kina Akinyi, siku ya kwanza wazazi wake wanione waamue kama nitamuoa. Kazi ya kuongea ilikuwa ya rafiki yangu Ouma, kwa sababu huu mdomo wangu anaujua tangu darasa la sita, pale mimi nilipoachia masomo. Akaniambia kwa geti, "Omera, ndugu yangu, leo wewe ni fanicha. Kaa, nyamaza, kula kidogo."

Nikakaa. Dakika ishirini nikiwa fanicha, mwili wote unawasha, sijui niweke mikono wapi, halafu mjomba wa Akinyi, mzee mmoja wa kofia, akaweka nyimbo za zamani, na ya tatu ikawa ule wimbo wa miaka ya sitini wa kusifu Homa Bay, ule marehemu babu alikuwa akiuskia anaacha jembe katikati ya shamba. Gita ikaingia. Nikajiambia, nitingishe tu mguu moja, nani ataona?

Mguu ukaita mwenzake. Kabla nijue niko wima nimeinua mkono, "Simamisha muziki!" vile tunafanyanga kwa sherehe, mtu anasimamisha ngoma ajisifu yeye na kwao, sisi tunaita pakruok. "Mimi mtoto wa Homa Bay, ziwa ikiniona inatulia!"

Wakacheka. Hapo ningekaa. Lakini mjomba naye akasimamisha: "Mimi wa Migori, tunakanyaga dhahabu! Nyinyi hata mkioga mnanuka vile visamaki vya omena!"

Mniambie, ningenyamaza? Nikapanda juu ya kiti (kile cha plastiki, na mimi nina kilo zangu), Ouma ananivuta suruali, "Shuka! Shuka wewe!" mimi napiga kelele, "Migori ni mahali watu wanapitia wakienda Tanzania!"

Hakuna aliyecheka. Halafu miguu ya kiti ikafunguka polepole kama ndama amezaliwa leo, nikaenda kando, na hapo kando ndipo mama yake Akinyi alikuwa ameketi na soda yake.

Akinyi akafunika uso na leso. Mama akajipanguza, hata hakuniangalia, akamwambia Ouma, "Mrudi siku ingine. Na mlete mtu mzima."

Tangu hiyo siku nikiskia gita ya zamani nakalia mikono. Akinyi bado anashika simu nikimpigia, lakini anaanza na, "Fanicha, habari?"

Siku ile tukirudi na Ouma, tukaanza kuona ziwa ya Homa Bay. Nikamuuliza, "Sasa nifanye nini?"

"Si unapenda Homa Bay?" akasema. "Ile pale. Oa."