Nilisema detailing ni wizi. Fundi akainua kapeti ya Noah yangu, nikakosa pa kuficha uso

Wakuu, habari za huko mliko. Vijana mnaotaka kuniamkia, marahaba yenu pokeeni mapema tusipoteze muda.

Ninayoandika hapa ni kweli tupu. Yananiaibisha mwenyewe, kwa hiyo hakuna faida ninayopata kwa kuongopa.

Kuna uzi ulipita humu, mtu anauliza kama detailing, ule usafishaji wa gari wa kina mpaka ndani, ina thamani ya hela yake. Nikamjibu: "Gari ni ndoo mbili na sabuni ya unga. Anayelipa zaidi ya hapo kaibiwa." Mkanipa like nyingi sana.

Leo nimekuja kuyafuta yale maneno.

Mimi nimezaliwa kijijini Ukata, huku Mbinga, shule niliishia darasa la nne. Sijawahi kuajiriwa. Nilianza kwa baiskeli, natoa usipa Mbamba Bay napandisha mlima kwa kusukuma, nauza Mbinga mpaka Kitai. Wale dagaa wa Ziwa Nyasa ndio walioninunulia shamba la kahawa, wakaninunulia na gari, hiyo Noah.

Binti yangu Oresta alipokuwa mdogo nilikuwa nambeba kwenye hiyo baiskeli, juu ya gunia la usipa. Nikamwambia, siku ya ndoa yako hutapanda gari ya mtu. Nitakupeleka mimi, kwa gari yangu.

Mtoto hasahau. Na mimi sikusahau.

Mwaka huu akapata mchumba, kijana wa huko huko ziwani. Tukakubaliana ndoa ifungwe parokia ya kwao, Mbamba Bay, Jumamosi. Nikatangaza kwa ndugu wote: bibi harusi namteremsha mimi.

Sasa niwaambie nilivyokuwa naitunza ile gari, maana hapo ndipo penye kesi.

Kila Jumamosi nikishashusha samaki, naipeleka ziwani. Naiingiza majini mpaka nusu ya tairi, nafungua milango yote, namwaga ndoo ndani. Siti, kapeti, kila kitu. Nikiwa nyumbani natumia mpira wa maji. Samaki wenyewe nilikuwa nawamwagia chumvi wasiharibike njiani, na wakati mwingine barafu, kwa hiyo maji yalikuwa yanatiririka tu.

Watu wanapita wanasema, mzee unapenda usafi. Nilikuwa navimba kichwa.

Jumatano ya wiki ya harusi mke wangu akafungua mlango wa gari, akaufunga.

"Baba Oresta, huyu mtoto unampeleka kanisani au mnadani?"

"Ina nini?"

"Inanuka usipa. Mimi humu na kitenge changu kipya sipandi."

Nilikasirika, lakini mama akishasema hivyo, amesema. Kesho yake nikaenda kwa fundi mmoja hapa Mbinga anayefanya detailing, mwanamke wa makamo anaitwa Gaudensia. Alijifunzia Dar akarudi nyumbani. Akanitajia laki mbili na nusu. Nilicheka mpaka nikakohoa.

"Mwanangu, gari yangu ni safi. Wewe toa harufu tu."

"Baba, harufu imekaa mahali. Lazima nitoe siti zote na kapeti."

"Siti utoe za nini? Nimekuambia osha."

"Basi mpe mwingine akupulizie manukato. Mimi sifanyi hivyo."

Nilipenda kiburi chake, maana kinafanana na changu. Nikamwachia, nikakaa kwenye benchi lake nikisubiri nimkamate anavyoniibia.

Haikupita saa moja akaniita.

"Baba, njoo uone."

Wakuu, kapeti ilikuwa imeinuliwa. Lile sponji la chini lilikuwa limelowa kama godoro la mtoto. Magamba ya samaki yamegandamana humo. Kwa harufu iliyotoka pale nilirudi hatua mbili nyuma, mimi niliyekula kwa harufu hiyo maisha yangu yote.

Halafu akagusa bati la chini kwa bisibisi.

Bisibisi ikazama. Nikachungulia uvunguni, nikaona ncha yake imetokea upande wa pili, juu ya majani.

"Umeitoboa gari yangu!" Nilipiga kelele mpaka watu wa duka la jirani wakatoka nje.

Gaudensia hakubishana. Akanipa bisibisi mkononi.

"Chagua mwenyewe pa kutoboa, baba."

Nikachagua pale siti ya katikati inapofungwa, upande wa kushoto. Ndipo Oresta angekaa. Nikasukuma kidogo tu.

Iliingia kama kwenye kiazi kilichoiva.

Akashika bolti ya siti kwa vidole viwili, bila spana, ikatoka na kipande cha bati kimekatika kama biskuti. Akavuta mkanda wa siti. Ukaja wote, na kile kichuma chake cha chini.

"Baba, hii gari nani anaiosha?"

"Mimi."

"Na maji ndani?"

"Kila wiki."

Akainama kuokota vipande vya bati. Angenitukana ningeona nafuu.

Nikakaa chini kwenye majani. Mwezi uliopita nilibeba wanakwaya tisa kwenye siti hizo hizo, nikateremka nao ule mlima wa Mbamba Bay, kona baada ya kona, wanaimba. Nilikuwa nafunga breki kwa mbwembwe ili waone gari inavyoshika. Kumbe wamekalia kutu.

Na kutu hiyo niliitengeneza mimi. Kwa chumvi na kwa usafi wangu.

Tukamwita fundi wa kuchomelea. Akaangalia, akatikisa kichwa. Bati lote la chini likatwe liwekwe jipya, na haiwezi kuisha kabla ya wiki ijayo. Hapo tuko Alhamisi, harusi Jumamosi.

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Nikamwita Oresta, nikamweleza kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi.

Akaniambia, "Afadhali baba. Nilikuwa naogopa kukwambia gauni litanuka."

Yaani ukoo mzima walikuwa wanajua! Miaka yote hiyo. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sinusi.

Ijumaa nikarudi kwa Gaudensia. Ana gari yake, Carina ya zamani, rangi imepauka, taa moja ina ufa. Mimi nimezoea kuombwa, sijui kuomba. Nikasimama pale nazungumzia mvua. Mwishowe akacheka.

"Baba, sema tu. Saa ngapi nije?"

Kwa hiyo Jumamosi binti yangu alipanda gari ya mtu. Gaudensia akaendesha, mama Oresta mbele na kitenge chake, mimi nyuma na bibi harusi. Kabla hatujaanza kuteremka mlima nikaushika mkanda wa Oresta, nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Mara tatu.

"Baba, gauni!"

Ulishika.

Haya, jibu la lile swali. Kung'arisha bodi, binafsi bado sioni maana yake, mvua moja tu imekwisha. Lakini fundi anayetoa siti na kuinua kapeti, mlipe anachotaka na umwambie asante. Asiyetoa siti, huyo ndiye anayekuuzia manukato.

Na maji ndani ya gari, acheni. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Ukibeba samaki weka turubai chini.

Sasa nendeni mkainue kapeti zenu, halafu mrudi hapa mniambie mmekuta nini. Wa kunicheka anicheke, ila ainue kwanza.