Barua ya Mama Mwende

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nikiwa kijana wa umri wako, karani mpya wa kanisa letu pale Kajiado. Kila mwisho wa mwaka niliandika waliobatizwa, waliohamia, waliohama na waliofariki. Karatasi ilienda makao makuu, kisha ng'ambo, ikajumlishwa na za kanisa letu la dunia nzima. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Mwaka huo ukame ulikuwa umetawanya watu, nasi tulizidi mwaka uliotangulia kwa mtu mmoja tu. Ndipo Mama Mwende, mjane aliyetufagilia kanisa kila Jumamosi, akaja kuomba barua ya kuhama. Alikuwa anaenda Kitengela kukaa na mwanawe. Bila barua, kanisa la huko halingemwandika, na kwa utaratibu wetu wa siku zile hangekaribia Meza ya Bwana.

"Tangulia, Mama," nikamwambia. "Barua itakufuata."

Niliiandika, nikaificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Ngoja ripoti iende kwanza, nikasema moyoni. Ikaenda, ikasomwa mbele ya washirika: tumekua! Watu wakapiga makofi. Baada ya makofi, mwanangu, nikasahau.

Miezi ikapita. Ndipo Jumapili ile ninayoikumbuka, mzee wetu wa kanisa, Mzee Parsaloi, akanivuta kando.

"Karani, uko na ng'ombe wa mtu kwa boma yako?"

"Mzee, mimi hata mbuzi sina!" Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Uko naye. Nimetoka kumwona Mama Mwende. Umemfunga huku kwa karatasi, na kule ako na njaa."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia Kitengela, Jumapili ya Meza iliyofuata. Nilimkuta Mama kwenye benchi la mwisho. Mkate ulipofika kwake, aliinamisha kichwa, akaficha mikono ndani ya leso, ukampita. Jirani yake akaninong'oneza kwamba ndivyo alivyofanya tangu aje.

Ibada ilipoisha nikampa barua.

"Karani! Kumbe uko mzima?" Akanishika mikono yote miwili. "Mimi nimekuwa nikikuombea. Nilijua ni ugonjwa. Huyu kijana hawezi kunisahau bure."

Heri angenitukana. Nilimweleza yote, nikilia. Akanifuta machozi kwa leso ile ile. Mchungaji alisoma barua pale pale, akarudi mezani, akammegea mkate. Kesho yake niliandikia makao makuu: mwaka ule hatukukua.

Sasa wamekuchagua wewe karani, na hesabu unatuma kwa simu. Nimefurahi, mwanangu. Kanisa likikua, shangilia. Lakini usimzuie mtu ili namba ipendeze. Anayehama, mpe barua yake kabla hajafunga mizigo. Asiyeonekana, mtafute nyumbani kwake kabla hujamfuta. Ukikosea, rekebisha mbele ya wale wale waliokupigia makofi, kwani kutenda kosa si kosa, kosa ni kulirudia.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kuandika na miguu isiyochoka kutembelea watu. Na ukisahauliwa siku moja, akuwekee mtu wa kukuombea kama Mama Mwende alivyoniombea mimi.