Chokaa Kwenye Ukuta wa Masikio

Saa moja kasoro asubuhi, ukungu bado umekalia kilima, na Efrazia Tluway ameshamaliza ndoo ya nne. Anachovya brashi ya katani, anasugua, anamwaga maji, anasonya. Kisha anachovya tena.

Anachosugua ni ukuta wa mwamba kwenye mdomo wa Shimo la Kwanza, machimbo ya zamani ya ulanga katika kitongoji cha Mashimoni, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Endagikot, wilayani Mbulu. Mpaka jana mchana ukuta huu ulikuwa wa kahawia, na mweusi kila mahali maji yanapochuruzika. Leo ni mweupe pee kama zahanati mpya.

"Wamepaka chokaa," anasema bila kugeuka. "Miaka sabini na kitu mvua imeshindwa kuufuta ukuta huu. Kamati imeweza kwa jioni moja."

Efrazia, mama wa watoto wanne mwenye umri wa miaka 49, ndiye mwongoza wageni pekee wa Mashimoni. Saa nne asubuhi hii hii anatarajiwa afisa wa mambo ya kale, anayekuja kuangalia kama machimbo haya yanastahili kuingizwa kwenye orodha ya urithi. Yasipoingia, yupo mkandarasi aliyeomba kukivunja kilima apate kokoto za barabara. Maana yake ni rahisi: ukuta usipoonekana leo, mwakani huenda kusiwe na kilima.

Ulanga ni lile jiwe linalong'aa na kuchanika kama kurasa za daftari. Watoto wa hapa huliita kioo. Enzi za Mwingereza, kampuni moja ya kigeni ililichimba kwa nyundo, patasi na vikapu, na waliobeba vikapu walikuwa vijana wa Kiiraqw, pamoja na Wabarbaig wachache kutoka upande wa Hanang.

Wengi wao hawakujua kuandika. Msimamizi alipotaka kila mtu aweke jina lake pale anapochimba, walichonga walichokijua: alama ya ng'ombe wa nyumbani kwao.

Hapa kila ukoo una mkato wake kwenye masikio ya mifugo, na kila nyumba ina nyongeza yake. Kwa hiyo ukuta huu umejaa masikio. Yamechongwa mawili mawili kama majani, moja limepasuliwa ncha, jingine lina tundu katikati, jingine limekatwa ukingo mara tatu. Efrazia ameyahesabu kwa miaka kumi na moja na anayajua kama wanawe. Ni jozi 63.

"Zilikuwa 63," anasahihisha, akikamua brashi. "Sasa hivi naona tano."

Kazi ya kuongoza wageni haimtajirishi mtu. Mtanzania hulipa shilingi elfu tano kupanda kilimani, nusu inakwenda kitongojini. Mwezi mzuri Efrazia hubakiwa na elfu tisini. Masika barabara ikikatika, anarudi kwenye vitunguu saumu vyake na kusahau kwamba aliwahi kuitwa mwongozaji. Mwaka jana walipanda wageni 212.

Wageni nao wana yao. Kuna wanaofika kileleni wakiuliza simba wako wapi. Kuna wanaobandua ulanga na kuuficha mfukoni. Kijana mmoja alichonga jina lake na la mchumba wake katikati ya masikio.

"Nasikia wameachana," anasema Efrazia. "Wao wameachana, mimi nimebaki nao ukutani."

Lakini wageni anawasamehe, kwa kuwa hawajui. Hasira yake ya leo ni ya wenyeji.

Ilikuwa hivi. Nchi hii mgeni rasmi akitangazwa, mawe ya njiani hupakwa chokaa. Hakuna anayeuliza kwa nini, ndivyo mgeni anavyoheshimiwa. Mwenyekiti wa kitongoji, Ignasi Hhando, mwenye umri wa miaka 62, alinunua mifuko miwili na kuwapa vijana wa kamati. Wakapaka mawe yote kuanzia barabarani hadi juu. Walipofika mdomoni mwa shimo, mawe yakawa yameisha na chokaa imebaki.

Aliyewaona wakipanda ni Mwantumu Selemani, mfanyabiashara kutoka Dongobesh anayeuza chai na maandazi chini ya kilima.

"Nilidhani wanaenda kupaka mawe tu," anasema Mwantumu, ambaye asubuhi hii ameacha birika lake motoni kwa jirani na yuko kwenye safari yake ya tatu ya kupandisha maji. "Kumbe wanaenda kuuvisha mwamba kanzu."

"Na wewe hukupiga simu," Efrazia anamrushia.

"Ningepiga niseme nini? Njoo, kuna usafi?"

Efrazia anataka kucheka, anajizuia. Anasonya badala yake.

Saa mbili na robo mwenyekiti mwenyewe anatokea, amevaa koti la suti na viatu vilivyopigwa kiwi. Anasimama. Anaangalia maji meupe yanayotiririka hadi kwenye viatu.

Efrazia ananyoosha mgongo. Hasira ni hasira, lakini mkubwa ni mkubwa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Mbona unaharibu kazi ya kamati?"

"Mwenyekiti, kamati imefunika masikio."

"Ukuta ulikuwa mchafu, mama. Mgeni anatoka mkoani, akute ukuta mchafu?"

"Huo uchafu ndio uliomtoa mkoani!"

Mwantumu anatua ndoo taratibu sana, kama mtu anayehofia kuikosa sehemu ya mazungumzo.

"Mawe ya njiani yamependeza, sikatai," Efrazia anaendelea, sauti imeshuka. "Lakini saa nne yule dada atafika na kuniuliza: mama, yako wapi masikio uliyotuandikia kwenye barua? Nimwambie nini? Kwamba tumeyapaka kwa heshima yake?"

Mwenyekiti anaangalia ukuta, anaangalia saa, anaangalia tena ukuta. Kisha anavua koti, analitundika kwenye kichaka na kunyoosha mkono.

"Brashi nyingine iko wapi?"

Kuna sababu inayomfanya Efrazia asugue hivi, na haihusu elfu tisini.

Hatua sitini kutoka hapa kuna Shimo la Pili. Lilifunguliwa mwaka 1951 na kuchimbwa wiki saba tu, halafu likaporomoka. Kampuni ilisema hakukuwa na mtu ndani. Wiki hiyo hiyo Basili, babu yake Efrazia, hakurudi nyumbani. Kampuni ikasema ametoroka kazi. Watu wakaongeza ya kwao: amekwenda Singida, ana mwanamke huko.

Mkewe alibaki na binti wa miaka minane na mimba changa. Mimba hiyo ndiyo iliyokuja kuwa baba yake Efrazia. Ng'ombe walirudi kwa ndugu wa mume na kukatwa alama za nyumba nyingine.

"Bibi alikufa mwaka 1994 bado anaitwa mke wa mtoro," anasema Efrazia. "Kisimani, msibani, kila mahali. Mimi mwenyewe shuleni niliitwa mjukuu wa Singida."

Shimo la Pili halijafungwa lote. Kutoka mdomoni kuna hatua sita za wazi kabla ya kifusi. Kama Basili alichimba humo, alama yake itakuwa kwenye ukuta wa hatua hizo, maana hakuna aliyechimba bila kuchonga. Na kama alama yake imo, basi alikuwa kazini katika wiki hizo saba, si Singida.

Kwa miaka kumi na moja Efrazia ameingia humo na tochi. Hajaona hata sikio moja. Ukuta ni mweusi tii.

Tatizo jingine ni kwamba haijui alama anayoitafuta. Mkato wa ukoo anaujua, lakini nyongeza ya nyumba ya Basili anaijua mtu mmoja tu duniani: shangazi yake Zita, mwenye umri wa miaka 82, anayeishi Katesh kwa mwanawe. Ndiye yule binti wa Basili, aliyechunga ndama wa baba yake. Naye hasemi.

"Nimembembeleza, nimempelekea asali, nimelia," anasema Efrazia, akisugua kwa nguvu zaidi. "Jibu ni lile lile: nikiwaambia, mtaiona hata kwenye ugali."

Saa nne na dakika ishirini pikipiki inanguruma njiani. Irene, afisa wa mambo ya kale, anashuka na matope hadi magotini. Gari lake limekwama kabla ya daraja. Ana miaka 34 na begi la vipimo mgongoni.

"Shikamoo mama. Shikamoo mwenyekiti." Anatazama mistari ya mawe meupe, ndoo kumi na nne zilizotapakaa, na watu watatu waliolowa. "Kuna nini?"

Efrazia anasema yote, tangu mfuko wa kwanza wa chokaa. Hamtaji aliyeagiza. Anasema "sisi".

Irene hacheki, wala hafoki. Anausogelea ukuta na kuchuchumaa.

Chokaa ya jana haikuwa imeshika sawasawa kwenye mwamba wenye unyevu, na brashi imeiondoa juu. Lakini ndani ya michongo imegoma kutoka. Masikio yote yamejichora kwa mistari myeupe, kama mtu ameyapitishia chaki. Irene anaanza kuhesabu kwa kidole bila kugusa. Anafika 63. Anaendelea. Anaishia 70.

"Sabini?" Efrazia anadondosha brashi. "Hapana. Nayajua yote."

Jozi saba zilikuwa zimechongwa juu juu mno, hazikuwahi kuonekana. Wote wanne wameinama. Ghafla mwenyekiti anapiga kelele kama kijana.

"Hii ya kwetu! Ncha mbili na tundu! Hii ni ya babu Hhando! Sikujua kama alifika hapa!"

Anaipapasa, Irene anamwondoa mkono kwa adabu, anaipapasa tena. Baada ya dakika tano anataka liwekwe bango, na tayari ameshachagua rangi.

Efrazia anamtazama. Huyu ndiye aliyefunika ukuta, na huyu ndiye aliyepata babu. Yeye aliyelima kilima hiki kwa nyayo miaka kumi na moja hajapata kitu.

"Kweli Mungu ana utani," anamnong'oneza Mwantumu.

"Kapake na wewe," Mwantumu anajibu. "Si umeona dawa yenyewe?"

Irene amesikia. Anasimama upesi. "Hapana! Jamani, chokaa isiguse tena mwamba wowote hapa, nawaomba. Inaula. Haya yote yangeonekana bila chokaa."

Anatoa simu na kuingia ndani ya shimo, mahali ambapo kamati haikufika. Anawasha tochi, lakini haielekezi ukutani. Anailaza kwenye mwamba, ubavu kwa ubavu, mwanga ukipita juu ya jiwe kama jua la machweo linavyopita shambani. Kila mkwaruzo unatupa kivuli. Pale palipokuwa patupu panajitokeza sikio, kisha la pili.

Efrazia anasogea na kupiga magoti kando ya tochi.

"Miaka kumi na moja," anasema, "nimekuwa naumulika usoni. Mtu ukimmulika usoni utamwona nini? Nimewatukana kamati tangu asubuhi, kumbe mjinga mwingine alikuwa na tochi."

Irene hana mamlaka ya kutoa uamuzi papo hapo, na analisema hilo waziwazi. Ila anasema atakachoandika: kuna jozi 71 zilizothibitishwa, huenda kuna nyingi zaidi, na kilima kisivunjwe hata jiwe moja mpaka timu ije kupima mashimo yote mawili. Anaandika hapo hapo, amekalia jiwe lililopakwa chokaa, na sketi yake inakuwa na ushahidi.

"Twende Shimo la Pili sasa hivi," anasema akifunga daftari. "Dakika kumi tu."

Mwenyekiti ameshaanza kutembea. Efrazia hatingishiki.

"Hapana, mwanangu. Mimi siingii."

"Mama, si ndiyo ulichokuwa unakitafuta?"

"Nikiiona mimi nitasema ndiyo hii, kwa sababu naitaka. Na wewe utaandika. Mwenye macho yuko Katesh."

Anakaa chini, anafuta mikono kwenye kitenge na kupiga simu. Sauti ya kizee inatoka kali, kila mtu anaisikia. Efrazia anaamkia, anaeleza habari ya chokaa na ya mwanga wa ubavu.

"Basi la Katesh linafika saa ngapi huko?" shangazi Zita anauliza.

"Jumamosi saa sita, shangazi. Mwenyekiti ataleta pikipiki yake stendi." Anamkazia macho mwenyekiti, ambaye hakuulizwa, na ambaye anaitikia kwa kichwa.

"Ignasi? Huyo wa chokaa? Aje mikono mitupu." Sauti inashuka. "Efrazia."

"Naam, shangazi."

"Usitangulie kuchungulia."

"Sitachungulia."

Irene na mwenyekiti wakishashuka, Mwantumu akirudi kwenye birika lake, Efrazia anachukua panga na kukata matawi ya miiba. Anayaburuta hadi Shimo la Pili na kuziba mdomo wote kama mtu anayefunga zizi. Anasema ni ya kumzuia mwenyekiti na bango lake. Kisha anarudi hatua mbili, anaangalia kazi yake, na kuongeza tawi moja zaidi.

"Hilo," anasema, "ni la kunizuia mimi."