Kisanduku cha Upepo

Harufu ya baluni mpya bado hunirudisha kwetu Kitengela, asubuhi moja mama akianika mahindi. Kisanduku cheupe kilishuka kutoka angani kikiburuta baluni kubwa iliyopasuka, kikatua katikati ya mahindi. Mama alipiga magoti akamkemea shetani. Baba alisoma maandishi ya kisanduku, akacheka.

"Hii ni ya watu wa hali ya hewa. Inapanda juu sana kupima vile upepo inazunguka dunia, ndio wajue kama mvua ya El Niño inakuja."

Mama alikiokota, akakitazama kwa makini.

"Na imetoroka huko juu ikaja kujificha kwangu? Basi huko si kuzuri. Anueni!"

Tulianua mbio. Jua liliwaka hadi jioni, mahindi yakiwa yamerundikwa ndani.