Homa ya Mwinyijuma

Mwinyijuma wa Picha ya Ndege, Kibaha, hakuwa na homa. Alikuwa na riwaya. Lakini mtaani kwao riwaya haimpi mtu udhuru, ndiyo maana asubuhi ile alimwomba mkewe, Zawadi, awaambie watu kuwa mwili unamchemka.

"Nikaseme uongo kwa ajili ya kitabu?" Zawadi akauliza.

"Si uongo. Nikiikumbuka tarehe aliyonipa mchapishaji, nachemka kweli."

Alikuwa mtu wa watu. Harusi ikitokea, mshehereshaji ni yeye. Jumamosi alicheza mpira na maveterani, beki wa kusimama kwa sababu ya goti. Na kila siku baada ya alasiri alikuwa barazani kwa Abdulkadiri, fundi cherehani, akicheza bao mpaka magharibi. Yote hayo aliyapenda, hata moja hakuwa na moyo wa kuliacha. Riwaya nayo, habari za bibi harusi aliyegoma kutoka chumbani siku ya ndoa yake, ilikuwa imekwama kwenye mlango wa chumba hicho tangu Maulidi.

Zawadi akaenda, akasema, akarudi. Mwinyijuma akajifungia na kompyuta yake, akaandika sentensi mbili. Ya tatu ilikuwa njiani ilipopigwa hodi.

Alikuwa amesahau kwamba mwenye afya hutembelewa na wachache, lakini mgonjwa ni wa wote. Wakaja akina mama na uji wa pilipili manga. Wakaja maveterani na jezi zao, wakamgusa paji la uso mmoja mmoja, wakakubaliana kuwa homa isiyosikika mkononi ndiyo mbaya zaidi. Mwisho akaingia Abdulkadiri pamoja na Melkiori muuza mbao, wameshika bao huku na huku kama watu waliobeba jeneza.

"Tumeona usikae mpweke," alisema Abdulkadiri, akiliweka kitandani. "Wewe lala tu. Utaniambia kete ipi, mimi nakuchezea."

Mwinyijuma akajaribu kukohoa. Lakini Melkiori alikosea upande wa kushoto, kosa la kumtia mtu uchu, na mgonjwa akatupa shuka akakaa kitako. Alishinda mara mbili. Wageni waliondoka wakimshukuru Mungu kwa nafuu ya haraka. Sentensi zilibaki mbili.

Kesho yake akakimbilia Msimbu, Kisarawe, kwa shangazi yake Mwanne, mjane mwenye shamba la mpunga bondeni.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kutafuta utulivu, niandike."

"Marahaba, baba. Kuandika ni kazi ya kukaa au ya kusimama?"

"Ya kukaa."

"Basi Mungu ndiye aliyekuleta. Mpunga unaiva, na ndege hawanipi nafasi hata ya kubandika chungu."

Akapandishwa kwenye dungu, kile kibanda cha miti kinachosimama katikati ya shamba, akapewa debe la kupiga. Mwanzoni alikwenda vizuri: sentensi, debe, sentensi, debe. Halafu bibi harusi akaanza kusema. Alisema kupitia tundu la ufunguo, akawapasha wajomba, akamtaka bwana harusi aje mlangoni mwenyewe. Mwinyijuma akacheka peke yake huko juu, akaandika, akaandika, mpaka alipomwona shangazi chini ya ngazi.

Bibi Mwanne alikuwa akitazama upande wa pili wa shamba, ambako masuke yalisimama wima, mepesi, hayana kitu.

"Umeandika?"

"Nimeandika, shangazi."

"Na ndege wamekula. Kila mmoja kafanya kazi yake."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuuma Mwinyijuma. Alishuka akaomba radhi. Shangazi akakaa, akamwambia asome hicho kilichogharimu mpunga wake. Akasoma. Bibi Mwanne alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga, kisha akauliza kwa nini kazi hii haifanyiki Kibaha. Mwinyijuma akamsimulia habari ya homa.

"Hao wenzako hawajui kama unaandika?"

"Wanajua. Hawajui kwamba ni kazi."

"Uliwahi kuwaambia?"

Mwinyijuma akapiga debe, ingawa hapakuwa na ndege.

Alilinda mpunga uliobaki mpaka ukavunwa, akiandika jioni tu, na tarehe ya mchapishaji ikampita hukohuko. Aliporudi Picha ya Ndege alikwenda moja kwa moja barazani akawaeleza ukweli.

"Si ungesema," Abdulkadiri akamlaumu. "Sisi tulidhani unajifungia kwa kukosa la kufanya. Tulikuwa tunakuonea huruma."

Wakapatana asiguswe mpaka adhuhuri. Bao na mambo mengine baadaye. Ili mapatano yaheshimiwe, Abdulkadiri akahamishia cherehani yake barazani kwa Mwinyijuma. Alimrudisha muuza maziwa, akawarudisha watu wa kamati ya harusi, akamrudisha hata mjumbe. Asubuhi moja akatokea bwana mmoja kutoka Dar, shati limenyooshwa, akamuulizia mwenye nyumba.

"Anaandika," alisema Abdulkadiri, pini mdomoni.

"Hicho anachoandika ndicho nilichokifuata. Mimi ndiye mchapishaji wake."

"Basi wewe ndiye hasa usiyetakiwa kumsumbua."

Zawadi aliyasikia hayo akiwa jikoni, na ilibidi amkimbilie mgeni pekupeku hadi karibu na lami. Mchapishaji akarudishwa, akapewa kiti na chai, akaambiwa adhuhuri haiko mbali. Melkiori alipofika akamtazama, akamuuliza kama anajua bao. Akasema anajua kidogo.